Ngomeni Nako Kuna Magofu

Ukitaka kumkera mtu wa Gede, mwambie magofu yetu ni mawe tu. Mimi nimezaliwa hapa, nimelelewa na mawe hayo. Utotoni tulikuwa tukiruka senyenge kufukuzana na kima, na leo ni mwalimu wa historia, napita getini kihalali nikiwa na foleni ya watoto nyuma yangu. Kila mwaka huwapeleka kwenye lile kaburi lenye tarehe, lililochongwa 802 kwa Hijria, yaani 1399, na kila mwaka kuna mtoto mmoja anayenyamaza ghafla akishapiga hesabu.

Safari ya mwaka huu, tulipokaa chini ya mbuyu kupumzika, niliwauliza swali ambalo halimo kwenye silabasi. Setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama nyota kwa eksirei ilirushwa kutoka wapi?

Kimya. Kisha mmoja akasema Florida. Mwingine, Urusi. Wa tatu, ambaye hujibu kila kitu, akasema, "Kwa Wamarekani tu, mwalimu, wapi kwingine?"

Nikawaambia: Ngomeni.

Walicheka hadi mlinzi akatugeukia. Ngomeni wanaijua. Wengine wana mashangazi huko. Ngomeni ni kamba, kaa, mikoko na mashamba ya chumvi. Walidhani nawatania, na mimi nilirudi nyumbani na hasira ambayo ndiyo inayoandika makala haya.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu: kutoka Gede unapanda matatu hadi Malindi, kama kilomita 15. Ukitoka Malindi unaelekea kaskazini, unapita Mambrui na Gongoni, kisha unakata kuelekea baharini. Kwa jumla ni kama kilomita 30 kutoka Malindi. Ukisimama ufukweni na kutupa macho, utaona majukwaa ya chuma yamesimama majini kwa miguu yao, kama meza ambazo wenyewe wamekula wakaondoka. Moja linaitwa San Marco. Jingine, Santa Rita, ndipo walipokaa wataalamu wakati jukwaa la San Marco likiwa na roketi iliyojaa moto.

Mwenye wazo alikuwa Mtaliano, profesa Luigi Broglio. Mwaka 1962 Italia iliafikiana na NASA: Wamarekani watoe roketi aina ya Scout na mafunzo, Wataliano wajenge setilaiti na mahali pa kuirushia karibu na ikweta. Kwa nini ikweta? Kwa sababu dunia inazunguka, na hapa katikati inazunguka kwa kasi zaidi, kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorukia Ngomeni kuelekea mashariki inaanza safari ikiwa tayari imesukumwa na dunia yenyewe. Florida msukumo huo ni mdogo. Tena upande wa mashariki hapa kuna bahari tupu, kikianguka kitu hakimwangukii mtu. Mungu alitupa mahali. Wao wakapaona kabla yetu.

Aprili 26, 1967, Kenya ikiwa na miaka mitatu na miezi minne tangu ishushe bendera ya Mwingereza, San Marco 2 ilipaa kutoka bahari yetu. Hadi Machi 25, 1988, setilaiti tisa zilikuwa zimerushwa hapo: za Wataliano, za Wamarekani, na moja ya Waingereza, Ariel 5, mwaka 1974.

Lakini ninayotaka kuisema ni ya pili kati ya hizo tisa. Desemba 12, 1970, taifa likiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru, roketi iliondoka San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya NASA. Ilikuwa mara ya kwanza setilaiti ya NASA kurushwa na watu wa nchi nyingine. Mkuu wa mradi huo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji waliowapokea, aliipa jina: Uhuru.

Sasa nisikilize. Eksirei za nyota hazifiki hapa chini, hewa huzizuia. Ndio maana hospitali tunatengeneza za kwetu kwa mashine. Kabla ya Uhuru, wanasayansi walikuwa wakirusha roketi ndogo zinazochungulia juu ya hewa kwa dakika chache kisha zinaanguka. Uhuru ilikaa juu. Ilipekua anga lote, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake ni miongoni mwa vilivyowafanya watu waanze kusema kwa uzito kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza upande wa sayansi, alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Setilaiti yenyewe ilinyamaza 1973, ikaanguka 1979, mwaka niliozaliwa mimi.

Na vyanzo vile hadi leo vinaitwa kwa jina letu. Mtaalamu wa nyota akiandika 4U halafu namba, awe Japani, awe India, awe Ujerumani, ile U ni Uhuru. Orodha ya nne ya Uhuru. Neno la Kiswahili limebandikwa kwenye nyota, linatamkwa na watu wasiojua Malindi iko upande gani wa ramani. Wanafunzi wangu, walio mwendo wa saa moja na kidogo kutoka pale, wanacheka.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na sitaizungusha: jukwaa la San Marco na lenziwe Santa Rita yatangazwe turathi ya kitaifa, katika gazeti rasmi la serikali, kama yalivyotangazwa magofu ya Gede mwaka 1927.

Nilishajaribu. Mwaka juzi niliandika barua kwa ofisi moja ambayo sitaitaja, maana afisa aliyenipokea alikuwa mtu mstaarabu na alininunulia chai. Alisoma barua yangu yote. Akaikunja. Akaniambia, "Mwalimu, hili si la kale. Kale ni kama pale kwenu."

Nilinyamaza kwa adabu. Adabu hiyo imeniwasha tangu siku ile, kwa sababu nilipofika nyumbani niliifungua Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006, na humo hamna sharti hilo. Sheria inasema mahali au jengo la umri wowote. Umri wowote! Inataja thamani ya kihistoria, ya kitamaduni, ya kisayansi, ya usanifu, ya teknolojia. Yaani waliotunga sheria walikaa wakafikiria kabisa kwamba siku moja mtu atakuja na kitu cha sayansi kisicho na miaka mia sita. Aliyebaki kufikiria ni anayeitumia.

Na huo ukale wa Gede, tuusimamie kidogo. Mji wetu ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, msitu ukaufunika. Wazee wetu hawakuwa wakiuita turathi. Walikuwa wakiuogopa. Walisema pana wenyewe, ukiingia peke yako jioni utafuatwa, na bibi yangu hakukanyaga pale hadi anakufa. Mwaka 1927 palikuwa mizizi, nyoka na kuta zilizopasuka. Mtu aliandika mstari mmoja kwenye gazeti la serikali, ikalazimika kulindwa. Mwaka 1948 akaja James Kirkman kuanza kuchimba, na hapo ndipo zikatoka sarafu na vigae vya Uchina tunavyojigamba navyo. Julai 2024 UNESCO ikatuingiza katika Urithi wa Dunia. Tulikesha. Ule mstari ulikuja kwanza, thamani ikaonekana baadaye. Ungesubiriwa hadi watu wa Gede waupende mji wao, kuta zingekuwa zimeisha kuchomwa chokaa.

Tena Gede ilikuwa na bahati moja ambayo Ngomeni haina. Nyumba za Gede ni za mawe ya matumbawe, zimekaa nchi kavu chini ya miti. Zilingoja miaka mia tatu. Chuma ndani ya maji ya chumvi hakiwezi kungoja hata sitini bila mkono wa mtu. Mvuvi yeyote atakwambia nanga yake imemkalia misimu mingapi. Ofisi zetu zikiendelea kusubiri ukale, zitakuja kukigazeti kitu kilichokwisha zama.

Kuna wanaoniambia: lakini hiyo ni mali ya Wataliano, historia ya Wataliano. Hawa huwa nawaalika Malindi mjini tutembee hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Imejengwa na nani? Wareno. Inamkumbuka nani? Mreno aliyefika 1498, akapokewa na Sultani wa Malindi, akapewa rubani, akavuka hadi Kalikati. Inalindwa na nani? Na sisi. Fort Jesus ni ya Wareno, na Waingereza waliigeuza gereza hadi 1958, na bado ni fahari ya Mombasa. Hatukuwahi kusema jengo lipate kwanza kitambulisho. Mbona sheria hii ya damu ianzie kwenye roketi?

Na ile safari ya 1498 ina funzo jingine. Jina la Vasco kila mtoto analijua. Yule rubani wa kutoka Malindi, wasomi bado wanabishana alikuwa nani. Hivyo ndivyo inavyokuwa mambo yakiachwa yaandikwe na mgeni peke yake. Ngomeni nako kulikuwa na watu wa kwetu. Walioendesha mashua kupeleka watu na mizigo, waliochomelea, waliopika, waliolinda, waliojifunza Kitaliano cha mafuta na misumari kabla hoteli za Malindi hazijafundisha mtu kusema ciao. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao, upande wa mashua. Alikuwa akisema siku ya kurusha wavuvi waliambiwa wakae mbali, na ule mngurumo haukuingia kwa masikio, uliingia kwa miguu, kupitia mbao za mashua. Nilimsikia akisema hivyo mara ishirini, na mara zote ishirini nilikuwa na haraka ya kwenda mahali. Tumemzika miaka minne iliyopita. Sina hata ukurasa mmoja.

Msidhani nahofia tu. Mfano wa kusahau tunao, hapo ng'ambo, Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya sitini NASA ilikuwa na kituo Tunguu cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. Februari 20, 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyomsikiliza kutoka chini. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, Wamarekani wakaondolewa, na mwaka ule ule kituo kikafungwa. Siasa zake zilikuwa kali na sizibezi. Watu walikuwa na sababu ya kukitilia shaka kituo cha mgeni mwenye mabavu katikati ya Vita Baridi. Lakini nilipokwenda Unguja harusini niliuliza. Dereva wa daladala alifikiria sana, kisha akanionyesha chuo kikuu. Nilimuuliza mtu mzima zaidi, akanionyesha chuo kikuu kile kile.

Wenzetu wanafanyaje? Marekani mwaka 1985 ilitangaza kundi zima la majengo ya safari za anga kuwa alama za kihistoria za taifa, kikiwemo chumba cha Houston kilichoongoza safari za mwezini. Kilikuwa na umri wa miaka ishirini tu! Mwaka 2019 walikirejesha kilivyokuwa 1969, hadi vikombe na visahani vya sigara. Mwaka huo huo UNESCO iliingiza Jodrell Bank ya Uingereza, uwanja wenye darubini ya redio ya 1957, katika orodha ile ile tuliyomo sisi wa Gede. Darubini bado inafanya kazi. Hakuna aliyeambiwa azime mitambo kwa sababu imekuwa turathi.

Nalisema hilo kwa sababu ndicho kisingizio kinachofuata: kituo bado kinatumika, kina mkataba na Italia, usiguse. Ni kweli, upande wa nchi kavu kazi inaendelea, na data za darubini ya Swift, iliyorushwa 2004, zimekuwa zikishukia Malindi. Vizuri sana. Waendelee. Lakini hakuna setilaiti iliyopaa kutoka kwenye yale majukwaa tangu 1988. Kuyalinda hakuzuii antena kusikiliza. Na wanaoota kujenga kituo kipya cha kurushia roketi pwani yetu, ndoto ninayoiunga mkono, wataanzia wapi kujieleza mbele ya dunia kama si hapo? Tulipotengeneza Taifa-1 ilibidi ikapandie kwenye roketi ya kampuni huko California, Aprili 15, 2023. Nilitazama kwenye simu, nikafurahi, nikaona na uchungu. Kwenye matangazo niliyosikia, hakuna aliyetamka Ngomeni.

Pingamizi lililobaki ndilo linaloniumiza, kwa sababu linatoka kwa watu wangu. Nilipoeleza wazo langu kwenye baraza moja huko huko Ngomeni, mama mmoja alisimama, akafunga leso yake vizuri, akaniuliza: "Mwalimu, kitu hicho kilitufaa nini sisi?"

Sikuwa na jibu zuri, na sitajifanya ninalo sasa. Mikataba ya kituo hiki imelalamikiwa miaka na miaka, Malindi na Nairobi: nani anapata kodi, nani anafundishwa, kijana wa hapa anaingia kazini kama nani. Ule wa 2016 wenyewe ulichukua muda mrefu kuidhinishwa. Mama yule alikuwa akiuliza kwa haki. Dunia ilipata shimo jeusi, Giacconi akapata Nobeli, na Ngomeni ikabaki ikingoja barabara nzuri.

Ila sikubaliani na alikofikia, kwamba basi kiachwe kioze. Kutangaza mahali kuwa turathi si kumsifu aliyejenga. Pango la watumwa la Shimoni linatunzwa, na sijasikia mtu akidai tunawasifu wauza watu. Tunalitunza ili swali lisipate pa kujificha. San Marco ikiwa gofu la serikali, lenye kibao, lenye jalada, lenye maelezo kwa Kiswahili, kila mgeni atakayesimama pale atauliza alichouliza yule mama, na itabidi kuwe na mtu wa kumjibu. Likizama, swali lake linazama nalo. Nani atadai fidia ya kitu ambacho watoto wanadhani ni utani wa mwalimu?

Ninachoomba hata si pesa nyingi. Waziri atie saini. Makumbusho yatume watu wawili wenye kinasa sauti wakakae Ngomeni mwezi mzima, maana waliokuwa vijana 1970 sasa wana sabini na kitu. Wataliano wafungue makabati yao ya Roma watupe nakala za picha, na katika picha hizo wenyeji waandikwe majina, si "wafanyakazi wa kienyeji". Na hapo Malindi, katika chumba kimoja cha makumbusho, iwekwe orodha ya zile setilaiti tisa. Kibao kimoja tu. Na aliyeandika silabasi aongeze mstari.

Mimi sikungoja. Baada ya ile aibu ya chini ya mbuyu niliomba basi la shule, nikawapeleka wale wale waliocheka. Tulifika Ngomeni maji yakiwa yamekupwa. Mwanzoni walitazama mikoko, wakapiga kelele, wakanunua mabuyu. Kisha yule anayejibu kila kitu akayaona majukwaa, akakaa nayo muda mrefu bila kusema neno, jambo ambalo darasani sijaliona.

Kulikuwa na mzee akishona wavu chini ya mkungu. Mtoto akamwendea, akamwamkia shikamoo vizuri, akamuuliza kama aliwahi kuiona roketi. Mzee akaweka sindano chini. Akauliza, "Ipi? Maana si moja."

Niliwasha simu kurekodi. Alianza na ile ya siku ya sikukuu, alikuwa kijana wa kuvulishwa na kaka yake, wakaamka usiku kwa sababu mtu alisema leo Wataliano wanawasha. Akaeleza mwanga ulivyoingia kwenye maji kabla ya sauti kufika. Akataja majina ya watu watatu wa kijijini waliokuwa ndani ya mashua ya kituo siku ile, mmoja wao ukoo wetu. Dakika ya kumi na moja simu yangu ikakata chaji, na dereva akaanza kupiga honi kwa sababu ya saa. Mzee alikuwa bado hajafika kwenye ile ya pili.